Kila Hadithi Ina Funza Wake

Jumatatu, 2 Machi

Muhula umeanza na maktaba bado imefungwa. Likizo nzima nilijipa moyo kwamba tukirudi tutaikuta wazi, kwa sababu paa limekwisha kuezekwa upya na mabati yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Lakini komeo liko palepale, kufuli liko kwenye komeo, na ufunguo uko shingoni mwa Mwalimu Mkuu, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Wanafunzi humwita Komeo. Mimi simwiti hivyo. Akiwa karibu naogopa hata kulifikiria neno lenyewe.

Humo ndani kuna kitabu nilichokiacha katikati. Nilitia uzi mwekundu wa cherehani ya Mama pale nilipofika, nikakirudisha rafuni, nikasema kesho. Kesho yake mlango ukafungwa. Yule msichana wa kitabuni yuko juu ya daraja linalokatika mpaka leo, na mimi ndiye niliyemwacha.

Jioni hii mvua imeanza.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Hesabu vipindi viwili.

Alhamisi, 5 Machi

Mwalimu wa Kiswahili ametupa kazi ya muhula mzima: kila mmoja atunge ngano. Atakayewashinda wenzake ataisimulia ngano yake siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi.

"Mwalimu, ngano ya mkate au ya hadithi?" Huyo ni Redio, jirani yangu wa dawati. Anaitwa Redio kwa sababu hazimiki.

"Ya hadithi. Ya mkate utaila ukifaulu."

Akatueleza kwamba ngano ni hadithi fupi ambamo wanyama husema ili watu wasikie. Nimeipenda sentensi hiyo, nimeiandika ndani ya jalada la daftari hili. Ninampenda mwalimu huyu kuliko wote, ingawa jina lake la mtaani ni Bwana Funzo. Akimaliza kusoma hadithi yoyote, hata iwe habari ya ng'ombe aliyepotea, hugonga meza na kuuliza, "Na funzo ni nini?" Hapo lazima mtu ainuke aseme, "Hadithi hii inatufunza kwamba..." Asipoinuka mtu, hatutoki.

Jumanne, 10 Machi

Sirudi shule. Nitajifunza kushona.

Bwana Funzo aliniita ubaoni niandike sentensi moja tu. Kila anayenijua anajua kwamba nikisimama mbele ya watu, mikono hutetemeka na masikio hujaa maji. Akasema polepole, kama anayemsomea mtoto, "Kila hadithi ina funzo lake." Nikaandika. Nyuma yangu darasa likanyamaza, kisha likapasuka.

"Soma ulichoandika," akasema mwalimu.

Nikatazama. Nilikuwa nimeandika, kwa herufi kubwa nzuri: Kila hadithi ina funza lake.

Mmoja akavua kiatu akaanza kujikuna kidole cha mguu. Mwingine akapiga kelele, "Mwalimu, nitafutieni sindano, hadithi imeniingia!" Bwana Funzo mwenyewe alijificha nyuma ya kifutio, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

"Funzo ni la kichwani, mwanangu," akasema alipoweza kusema. "Funza ni wa kidoleni. Na tena, ungetaka kukosea kwa ufasaha, ungeandika funza wake."

Nikirudi dawatini Redio alinibana mkono. "Usijali, shoga. Yeye Funzo, wewe Funza. Mmekuwa ukoo mmoja."

Nyumbani Mama hakuniuliza kitu. Mama hamwambii mtu jambo waziwazi, humwambia paka. Alikanyaga cherehani mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, kisha akasema, "Paka wewe, kuna mtu humu ndani amerudi na uso kama nguo iliyolowa, na hasemi. Basi mwambie kwamba chakula kiko jikoni, na nguo iliyolowa huanikwa, haikunjwi."

Kaka, aliyekuwa amejilaza kochini, akacheka. Mama hakugeuka. "Na wewe paka, wenzako waliomaliza shule wanazunguka kutafuta kazi. Wewe unalala mpaka saa nne."

Paka wakati huo alikuwa juu ya ukuta wa jirani.

Jumatano, 11 Machi

Nimerudi shule. Nimeitwa Funza na kila mtu, mpaka mpishi.

Jumatatu, 16 Machi

Wakati wa mapumziko huwa nakaa kwenye ngazi za maktaba, kwa kuwa hakuna anayepita huko. Mvua ilikuwa inateleza kwenye mabati mapya. Nikaona mstari wa udongo kwenye mwimo wa mlango, mwembamba kama kamba, umetoka ardhini umefika usawa wa kifundo cha mguu wangu. Nikaubomoa kwa kalamu. Ndani wakatawanyika vijidudu vyeupe.

Mchwa.

Jumanne, 17 Machi

Wameujenga upya. Nimeubomoa tena.

Jumatano, 18 Machi

Tena.

Ijumaa, 20 Machi

Nimemwambia mwalimu wa zamu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi yangu tangu asubuhi na nilifika nayo mpaka mwisho. Akanisikiliza huku akitafuta miwani iliyokuwa kichwani pake.

"Mchwa wako nje. Vitabu viko ndani. Mlango umefungwa. Sasa tatizo liko wapi?"

Mwalimu wa pembeni akadakia, "Funza anatuletea habari za mchwa! Wadudu nao siku hizi wanasemana."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Lakini nilipotoka pale nilikuwa mdogo kuliko nilivyoingia.

Jumatano, 25 Machi

Redio aliniburuta mpaka mlangoni mwa ofisi ya Mwalimu Mkuu. "Mwambie mwenyewe. Hali watu."

"Sema wewe."

"Mimi nikisema atadhani ni utani. Wewe ukisema atajua ni msiba." Akagonga mlango, akakimbia.

Mwalimu Mkuu alikuwa anaandika. Ni mwanamke mrefu, na hata akiwa ameketi unahisi amesimama. Ufunguo ulikuwa umelala juu ya kifungo cha blauzi yake. Niliutazama huo ufunguo, na yeye akanitazama nikiutazama.

"Unataka nini?"

Nilikuwa nayo yote mdomoni: mchwa, mwimo, vitabu, tafadhali. Mdomo ukafunguka wenyewe ukasema, "Chaki."

Akanipa chaki. Boksi zima.

Redio amecheka mpaka amekaa chini. Sasa darasa letu lina chaki kuliko darasa lolote, na mchwa wamefika gotini kwangu.

Jumatatu, 30 Machi

Leo nimemwambia Bwana Funzo. Nilimweka akiba kwa sababu nilijua yeye ataelewa. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu anayevuka barabara.

"Habari ya mlango ule haizungumzwi," akasema kwa sauti ya chini. "Mwaka jana mwenzetu mmoja aliitaja kikaoni. Alisimamia usafi wa vyoo muhula mzima. Wewe tunga ngano yako, mwanangu. Haya mengine yaache."

Kila wiki anatuuliza hadithi ya simba inatufunza nini, nasi tunajibu kwamba inatufunza ujasiri. Sikujua kwamba funzo ni kitu cha kuandika tu.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Kaka amepata kazi ya kupakua magunia kwenye ghala. Mama kampongeza paka.

Jumanne, 7 Aprili

Leo nimeona kitu na sijui nikiweke wapi.

Nilichelewa kutoka darasani kwa sababu ya mvua. Kwenye maktaba kulikuwa na mtu amesimama bila mwavuli. Alikuwa Mwalimu Mkuu. Alikuwa ameshika kufuli kwa mkono mmoja, na mkono mwingine umebana ufunguo shingoni, kamba imevutika. Nikadhani atafungua. Nilianza hata kutabasamu peke yangu pale nyuma ya nguzo. Kisha akaliachia kufuli. Akaliweka sawa taratibu, lisigonge mlango, kama mtu anayefunga chumba alimolala mgonjwa. Akaondoka.

Hakuutazama mwimo. Alipita karibu na ule mstari wa udongo, ambao sasa uko kiunoni kwangu, bila kuuona. Macho yake yalikuwa kwenye uwanja, kuangalia kama kuna mtu anamwona.

Karani wa shule alikuwa anafunga ofisi. Nikamuuliza, na sijui nguvu za kuuliza nilizitoa wapi. Karani ni mama mnene mpole anayemwita kila mtu "mwanangu", hata walimu.

"Vile vitabu aliviomba yeye, mwanangu, nyumba kwa nyumba, alipokuwa mwalimu kijana. Alivibeba kichwani. Ile mvua iliyotoboa paa iliozesha kabati zima. Akavianika uwanjani kimoja kimoja, akivifungua kurasa kama anayefungua macho ya mtoto. Havikupona. Siku hiyo ndiyo akafunga."

"Lakini paa limeezekwa, mama."

"Paa limeezekwa. Moyo nani atauezeka? Anaogopa atakachokikuta. Mlango ukifungwa, vitabu vyote vizima. Si ndivyo?"

Njiani kurudi nilisahau kumwogopa kwa kitambo kidogo. Mimi nami naogopa mlango. Wangu ni mdomo tu.

Jumamosi, 11 Aprili

Kaka amerudi kutoka ghalani anachechemea. Mama akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akauweka mguu wake pajani, akachukua sindano.

"Funza," akasema.

"Mimi hapa," nikasema bila kufikiri, na Kaka akacheka mpaka sindano ikamchoma mahali pasipohusika.

"Ameniingia saa ngapi?" akalalamika. "Mbona sikumwona?"

"Nani humwona?" Mama akajibu. "Funza hapigi hodi. Huingia wewe ukiwa unacheka na wenzako. Unakuja kumjua akianza kuwasha, na hapo huna budi kuinama ujitazame."

Nilikuwa nimeshika taa kumulika. Mkono wangu ukasimama.

"Mulika basi!" Kaka akafoka.

Nimewaza jambo hili jioni nzima. Funzo la Bwana Funzo hupiga hodi. "Hadithi hii inatufunza kwamba..." nawe ukisikia hivyo unajua mgeni gani amekuja, unaegemea mlango asiingie. Lakini maneno ambayo Mama humwambia paka hayapigi hodi. Kaka hakutafuta kazi kwa sababu alishauriwa. Alitafuta kwa sababu paka alishauriwa, na Kaka akawashwa.

Basi sikukosea ubaoni. Nilikosea herufi lakini sikukosea neno. Kila hadithi nzuri ina funza wake.

Jumapili, 12 Aprili

Nimeandika kutwa. Mama kamwambia paka kwamba vyombo haviji kwenye maji vyenyewe.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimekabidhi. Ngano yangu inamhusu panya buku. Nimemchagua kwa sababu anaweka akiba mashimoni, na pia kwa sababu ya jina lake. Kitabu kikubwa nacho ni buku. Nadhani mtu mmoja tu ndiye atakayehitaji kuisikia hiyo buku ya pili.

Ijumaa, 17 Aprili

Daftari limerudi. Juu, kwa wino mwekundu: "Nzuri kuliko zote." Chini, kwa wino uleule: "Funzo liko wapi?"

Aliniita baada ya kipindi. Akafunga mlango, kisha akafunga na dirisha.

"Huyu Buku ni nani?"

"Ni panya, mwalimu."

"Utamwita Mwalimu Mkuu panya mbele ya wazazi?"

"Sijamtaja, mwalimu."

"Ndio ubaya wenyewe! Ungemtaja tungekataa. Sasa tutakataa nini?" Akajifuta uso. "Sikiliza. Andika mwishoni kwamba hadithi hii inatufunza tusiwe wachoyo. Watu wapige makofi, tufunge shule, twende nyumbani."

Kimya changu kwa kawaida ni cha woga. Hiki hakikuwa hicho, na nadhani alikitambua.

"Lakini yeye si mchoyo, mwalimu," nikasema. "Ana uchungu. Nikiandika mchoyo nitakuwa nimemsingizia. Na nikiandika lolote pale mwisho, kila mtu atalichukua hilo neno aende zake. Nataka waende na panya."

"Hadithi isiyo na funzo ni porojo."

"Hii ina funza."

Nilimjibu mwalimu hivyo! Mimi! Masikio yalijaa maji papo hapo. Akanirudishia daftari, akasema nafasi ya kusimulia atampa kijana wa kidato cha juu mwenye ngano ya chura mtiifu.

Jumatatu, 20 Aprili

Chura mtiifu. Sawa.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimesimulia ngano yangu kwa paka, nikiwa nimesimama, mikono nje ya mifuko. Kaka alikuwa dirishani kumbe.

"Unamsimulia paka hadithi ya panya? Unamtamanisha bure mnyama wa watu."

Lakini akaingia, akakaa sakafuni karibu na paka. "Rudia mwanzo," akasema. Nilipomaliza nikamtazama. Alikuwa anajikuna mguu uliokwisha pona.

Jumanne, 28 Aprili

Mstari umefika kwenye komeo. Nimeubomoa kwa rula. Safari hii nyuma ya udongo hakukuwa na mbao tena. Rula iliingia mpaka katikati, laini, kama kwenye mkate.

Jumatano, 6 Mei

Bwana Funzo alinikuta kwenye ngazi za maktaba. Sikusimama, na hiyo nayo ni mara ya kwanza. Nikampa rula, nikamwonyesha mahali. Akaisukuma. Ikazama. Akaichomoa taratibu, akaitazama ncha yake kama kwamba imeandikwa kitu.

Akakaa karibu nami, na suruali yake iliyopigwa pasi, kwenye ngazi iliyolowa.

"Wiki hizi zote," akasema, "kila ninapopita hapa nageuka kutazama nyuma. Sijui natazama nini. Nikilala, yule panya wako yumo. Leo nimeona bora nije." Akacheka kidogo. "Ameniingia, huyo mdudu wako."

Nikaipokea rula, nikaifuta udongo.

"Miaka yote hii nawapa wanafunzi hadithi iliyokwisha tafunwa. Nawatafunia mimi, halafu nashangaa hawana meno." Akainuka, suruali imelowa nyuma duara kubwa. "Utasimulia wewe. Wakiniuliza nani karuhusu, nitasema ni mimi. Vyoo navifahamu, havitaniua."

Kijana wa chura mtiifu ameambiwa. Nasikia alitii.

Alhamisi, 14 Mei

Kesho. Siwezi kula. Redio amesema nikizimia atanimwagia maji, na nikikimbia atanikamata. Mama ana gauni la harusi mezani ambalo bibi harusi atalifuata Jumamosi, na nilimwambia asisumbuke kuja. Amemwambia paka kwamba kuna watu hudhani gauni ni muhimu kuliko wao.

Ijumaa, 15 Mei

Nitaandika yote, hata mkono ukichoka.

Asubuhi mvua ilikatika. Viti vilipangwa uwanjani, wazazi nyuma, wanafunzi mbele chini, na walimu kwenye safu iliyotazamana na jukwaa. Mwalimu Mkuu alikaa katikati. Nyuma yake kabisa, ng'ambo ya uwanja, ilikuwa maktaba. Alikuwa ameipa mgongo. Sikupanga hivyo. Viti ndivyo vilivyopangwa.

Nikapanda. Sikuona mtu, niliona mashati mengi tu. Nikasema, "Hadithi, hadithi," na sauti ikatoka kama ya mbu. Kimya. Mzazi mmoja akauliza, "Anasemaje?" Nikataka ardhi inimeze.

Kutoka kwenye nyasi Redio akanguruma kwa pumzi zake zote, "Hadithi njoooo!" Wadogo wote wakamfuata, halafu wazazi, maana mwito huo ukishautupa hewani hakuna mtu mzima anayeweza kuuacha udondoke. Wimbi likanijia usoni. Maji masikioni yakatoka.

Nikasimulia hivi:

"Alikuwepo panya buku mmoja, Bibi Buku, na hapakuwa na mpenda mbegu kama yeye. Alizikusanya moja moja, kwenye miiba na kwenye mawe, akazibeba mashavuni, mashavu yakauma. Wakati wa njaa akafungua shimo, wanyama wote wakala, wakaziita mbegu za Bibi Buku. Alifurahi kuliko walioshiba.

"Siku moja mvua ikaingia shimoni. Mbegu za chumba kimoja zikaoza. Bibi Buku akazitoa juani, akazigeuza, akazipulizia pumzi. Hazikuamka. Akasema, 'Sitaziona tena zikifa.' Akaliziba shimo kwa jiwe, akakaa mbele ya jiwe, akalipa jiwe mgongo, akautazama ulimwengu kwa macho makali.

"Akaja Swala. 'Bibi, nina njaa.' Akamwambia, 'Nakulindia.' Akaja Kanga. 'Bibi, wanangu wana njaa.' Akamwambia, 'Nawalindia.' Wote aliwalindia, na wote wakalala na njaa. Na kweli hakuna mwizi aliyepita mbele yake. Mwizi alikuwa mdogo, mweupe, hana macho. Hakuja kwa mbele."

Hapo nilimwona. Mwalimu Mkuu hakuwa ameketi tena kama aliyesimama. Alikuwa ameketi kama mtu. Mkono ulikuwa kwenye ufunguo. Nilijua kwamba nikisimama hapo nitaweza bado kushuka, niseme tusiwe wachoyo, nipigiwe makofi. Nikaendelea.

"Wanyama walisikia kitu kikitafuna ndani, kru, kru, kru. Swala akasema, 'Simwambii mimi, ana meno.' Kanga akasema, 'Mmoja wetu alimwambia mwaka jana, akapewa kufagia msitu.'"

Safu ya walimu ikakohoa. Bwana Funzo hakukohoa. Alitazama mbele kama askari.

"Basi Funza akasema, 'Nitakwenda mimi.' Wakacheka. 'Wewe utamwambia nini, nawe huna hata sauti?' Akasema, 'Sina la kumwambia. Mimi najua kazi moja tu.' Akatambaa, hakupiga hodi, akaingia kwenye kidole cha Bibi Buku. Bibi akaona kidole kinawasha. Akakisugua kwa mguu mwingine, kikazidi. Akajizuia, kikazidi. Hapo ikambidi ainuke kwenye jiwe, ainame, ajigeuze ili ajikune. Na alipogeuka..."

Nikanyamaza.

Uwanja mzima uliningojea. Nikasema, "Ameishia hapo. Amegeuka." Nikafunga mdomo.

Hapo ndipo Bwana Funzo huinuka kugonga meza. Akainuka kweli, kwa mazoea. Darasa letu lote likamtazama. Akafungua mdomo, akaufunga, akaketi. Sijawahi kuona mtu akiketi kishujaa hivyo.

Na katika kimya kile nikasikia sauti ndogo, kwaru, kwaru. Watu walikuwa wanajikuna! Wazazi, wadogo, mpishi, mwalimu wa zamu amevua kiatu kabisa. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Mwalimu Mkuu hakucheka. Alikuwa amesimama.

"Ewe Funza," akasema. Kumbe analijua jina langu. Kicheko kikakatika. "Huyo bibi alipogeuka, alikuta zimebaki mbegu kiasi gani?"

"Sijui, mwalimu." Sauti ilikuwa yangu na haikutetemeka. "Nadhani za kutosha kupanda."

"Unadhani?"

"Ndiyo, mwalimu. Kama amegeuka leo."

Akanitazama. Midomo yake ikafanya kitu ambacho sikukijua, kwa sababu sijawahi kukiona kwake. Kisha, mbele ya watu wote, akageuka. Akageuka mwili mzima, akaikabili maktaba. Akaivua ile kamba ya kiatu shingoni, ikanasa kwenye nywele, karani akaja mbio kumsaidia. Akaanza kutembea. Hakuna aliyejua kama tunaruhusiwa kumfuata, kwa hiyo tukamfuata wote.

Kufuli lilifunguka. Mlango haukungoja. Mwimo uliachia bawaba, na mlango ukaegemea ndani polepole, ukalala chini, na vumbi la udongo likainuka. Mwalimu Mkuu alifunga macho. Halafu akayafumbua.

Rafu ya chini kushoto ilikuwa kichuguu. Yote. Sote tukashusha pumzi. Bwana Funzo akapiga magoti, akabomoa udongo kwa mikono, akavuta kilichobaki, akasoma. Akaanza kutetemeka, nikadhani analia.

"Mitihani," akasema. "Wamekula mitihani yote ya zamani."

Kelele iliyotoka kwa wanafunzi, nadhani imesikika mpaka mjini. Redio alirukaruka akiwabusu watu asiowajua. Mwalimu Mkuu akaweka mkono mdomoni, na nyuma ya mkono nikasikia, kwa mara ya kwanza, sauti ya kicheko chake. Ni kicheko cha msichana.

Si kwamba hatukupoteza. Rafu ya pili ilikuwa imeanza kuliwa, na vitabu vya picha vya wadogo vimetoboka mpaka unaweza kumwona mwenzako ng'ambo. Alivichukua hivyo yeye mwenyewe, akavibeba kifuani, hakuruhusu mtu amsaidie. Lakini rafu nyingine zote zilikuwa nzima. Tukapanga mstari kutoka maktaba mpaka katikati ya uwanja, wazazi na wanafunzi, tukapokezana vitabu mkono kwa mkono, tukavianika juani juu ya vile viti vya wageni. Baba mmoja aliyevaa tai alikaa chini kwenye nyasi na kitabu, mkewe akamwita mara tatu bila kusikia.

Mama alikuwa kwenye mstari. Alikuwa amekuja, na tepu yake ya kupimia ingali shingoni. Alinipa kitabu kilichomfikia, akapokea kingine. Nilichopewa kilikuwa na uzi mwekundu umechungulia katikati.

Nilikishika tu. Nilitaka kwanza nione wengine wakisoma.

Mwalimu Mkuu alinipitia akielekea kivulini. Akaiweka ile kamba ya kiatu mkononi mwangu, haina ufunguo. "Mlango haupo tena, kwa hiyo ufunguo hauna kazi," akasema. "Muhula ujao utanisaidia kuvipanga. Na siku nyingine ukija ofisini kwangu, usiombe chaki."

Jumamosi, 16 Mei

Bibi harusi amechukua gauni lake. Jua limewaka kutwa.

Msichana wa kitabuni alivuka daraja. Alivuka zamani, ukurasa uleule niliomwachia. Ningegeuza ukurasa mmoja tu siku ile ningejua.

Jioni Mama alikuwa anasafisha cherehani, Kaka kochini, mimi mlangoni. Paka akaingia na mkia juu. Mama hakuinua macho. Alitia tone la mafuta, akazungusha gurudumu, akalisikiliza.

"Paka wewe," akasema, "kuna mtu humu ndani jana amenifanya niangue kilio mbele ya watu nisiowajua, nikajiona nimezaa. Simtaji. Atavimba kichwa."

Kaka akanitazama, akanyanyua nyusi.

Nikainama, nikamshika paka, nikamwambia sikioni, kwa sauti ya kutosha chumba kizima, "Mwambie nimesikia."